Maiti wa Misri ya Kale na Majina Tunayowapa

Mfasiri anayepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili habari za maziko ya Wamisri wa kale hukutana na tatizo lisilo la kawaida. Tatizo hilo si uhaba wa maneno. Lugha ya watu ambao kwa karne nyingi wamezika wafu wao kwa taratibu maalumu haiwezi kukosa msamiati wa maziko: tunayo sanda na kukafini, tunalo jeneza na tusi, tunacho kiunza na mwanandani, tunazo hitima, arobaini na matanga. Tatizo ni kwamba habari za Misri hutufikia zikiwa zimekwisha kuvikwa majina ya Kizungu, na mengi katika majina hayo yalitungwa na watu ambao hawakuelewa walichokuwa wakikitazama. Mfasiri akilitwaa jina la namna hiyo na kulitia irabu mwishoni, asidhani kwamba ametwaa jina tupu. Ametwaa na kosa lililomo ndani yake.

Katika kurasa hizi tunakusudia kuyapima baadhi ya majina hayo. Hatutayapima yote. Piramidi, kwa mfano, limekwisha kukaa. Kila mwanafunzi analijua, halimdhuru mtu, na anayetaka kulibadilisha atakuwa anajitafutia kazi isiyo na ujira. Tunayoyasumbukia ni yale yanayomhusu marehemu mwenyewe: mwili wake, sanduku lake, moyo wake, na watu wanaomchimbua.

Tuanze na mumia, kwa kuwa ndilo linalotumiwa kuliko yote. Asili yake ni Uajemi, ambako lilikuwa jina la namna ya lami nyeusi itokayo miambani, iliyouzwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na majeraha. Ilikuwa adimu na ya bei kubwa. Wafanya biashara waliowaona maiti wa Misri, weusi na wenye kung'aa kwa utomvu uliomiminwa juu yao, walidhani kwamba weusi ule ni lami ileile, wakaanza kuukwangua na kuuuza. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyefika Misri karibu na mwaka 1200, ameandika habari za mumia hiyo iliyotolewa ndani ya maiti. Hatimaye jina likaiacha dawa likamshika mfu, na katika karne ya 16 na ya 17 wauza dawa wa Ulaya walikuwa wakiuza unga wa maiti hao kwa wagonjwa. Hivyo jina analoitwa Mmisri wa kale aliyezikwa kwa heshima zote ni jina la bidhaa. Tena ni bidhaa ambayo mara nyingi haikuwamo mwilini mwake, kwa maana kwa muda mrefu wa historia ya Misri waliotengeneza maiti walitegemea utomvu wa miti, mafuta na shahamu, na lami ilizidi kutumika katika zama za mwisho tu.

Kiswahili nacho kililipokea neno hilihili, kwa njia ya bahari, zamani kabla ya kuwako vitabu vya shule. Tunalo katika umbo la mumiani. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson mwaka 1939 yaeleza kwamba ni kitu cheusi mfano wa gundi, kilichotumiwa kuwa dawa, na kwamba watu wengi waliamini kuwa hutengenezwa kwa damu ya binadamu waliouawa kwa ajili hiyo. Uvumi ukienea mjini kuwa mumiani inatafutwa, watu hawakutoka nje baada ya jua kuchwa. Mwalimu wa pwani anayeandika mumia ubaoni hana budi kujua ni mlango gani anaoufungua katika fikira za wanafunzi wake. Wala wasomaji wasicheke hofu hiyo ya wazee wetu. Habari ya dawa iliyotolewa katika miili ya watu ilikuwako huku na ilikuwako Ulaya. Tofauti ni kwamba huku ilikuwa uvumi, na kule ilikuwa biashara ya dukani.

Je, neno hilo lifukuzwe? Hatuoni hivyo. Limekwisha kuingia katika kamusi na katika masikio ya watu, nalo linafaa pale mtu anapotaja aina nzima, kama anaposema kwamba Wamisri walitengeneza mumia za paka na za ndege. Lakini anapotajwa mtu, tunalo neno maiti, ambalo halina upungufu wowote. Tena lina faida moja kubwa ambayo wafasiri wetu wengi huipuuza, nayo ni upatanisho wake wa kisarufi.

Tuzitazame sentensi mbili. Ya kwanza: "Mumia ya Ramesses wa Pili ilipelekwa Paris mwaka 1976 ili itibiwe ukungu." Ya pili: "Maiti wa Ramesses wa Pili alipelekwa Paris mwaka 1976 ili atibiwe ukungu, akapokewa kwa heshima za kijeshi." Habari ni moja, lakini katika sentensi ya kwanza tumesafirisha mzigo, na katika ya pili tumemsafirisha mtu. Sentensi ya kwanza hata haiwezi kuendelea vizuri hadi kwenye heshima za kijeshi, kwa sababu msomaji atajiuliza mzigo unapigiwa saluti ya nini. Twajua kwamba maiti hii na maiti huyu yote mawili husemwa, na hatutaki kuwahukumu wasemao maiti hii. Twasema tu kwamba pale ambapo marehemu ana jina, au pale msomaji anapotakiwa akumbuke kuwa huyu alikuwa mama wa watoto fulani au mwandishi wa mfalme fulani, kiambishi cha a- na wa- ndicho kinachosema kweli.

Jambo hili si dogo, na si letu peke yetu. Mwaka 2023 zilivuma habari kwamba makumbusho kadhaa ya Uingereza yameanza kuliepuka jina la mumia na kuandika badala yake maneno marefu yenye maana ya mtu aliyekaushwa, ili watazamaji wasisahau kwamba mbele yao yupo binadamu. Wao walilazimika kuongeza maneno, ilhali sisi hutuhitaji zaidi ya silabi moja. Misri yenyewe iliwahamisha maiti 22 wa kifalme, yaani wafalme 18 na malkia 4, kutoka Makumbusho ya Tahrir hadi Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri huko Fustat, tarehe 3 Aprili 2021, kwa maandamano na mizinga 21. Mwandishi wa gazeti aliyeandika kwamba "zilihamishwa" alikuwa sahihi kwa sarufi ya mumia. Hatudhani kuwa alikuwa sahihi kwa tukio lenyewe.

Kitenzi nacho kina shida yake. Wafasiri wengi hupenda kusema kwamba Wamisri "walihifadhi maiti". Leo kila hospitali kubwa ina chumba cha kuhifadhia maiti, na kazi yake ni kumweka marehemu kwenye baridi mpaka ndugu wamchukue. Msomaji akisikia kuhifadhi, ndicho anachokiona. Biblia ya Kiswahili, katika habari za Yakobo kwenye Mwanzo 50, ilitumia kupaka dawa, nayo ni fasiri yenye busara, ila inataja tendo la mwisho na kuacha lililotangulia. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za kazi hii katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alitumia kitenzi ambacho Wagiriki walikitumia kwa samaki watiwao chumvi. Husimuliwa pia kwamba katika karne ya 19 maiti wa mfalme mmoja alipofikishwa kwenye kizuizi cha ushuru cha Cairo, karani hakuona fungu la kumwandikia katika orodha yake, akamtoza ushuru wa samaki mkavu. Nasi tunalo neno ng'onda, na kwa tendo lenyewe lingetosha kabisa. Lakini hakuna ambaye angelitamka juu ya baba yake. Maafisa wenye orodha mezani mwao wataelewa kwa nini tunakitaja kisa hiki katika jarida la istilahi.

Sisi tungependelea kukausha maiti, kwa sababu kukausha ndiko kulikokuwa kiini cha kazi. Mwili ulitolewa viungo vya ndani, ubongo ukavutwa kwa njia ya pua, kisha mwili ukafukiwa ndani ya magadi kwa muda wa siku kama 40 mpaka ukaishiwa na maji. Baada ya hapo ukapakwa mafuta na utomvu na kuviringishwa kitani. Kazi yote, pamoja na sala zake, ilichukua siku 70, na hesabu hizi mbili za 40 na 70 ndizo zilizomo katika habari ile ya Yakobo.

Tumesema magadi, na hapa tuna ugomvi wa kweli na baadhi ya vitabu. Utasoma katika vitabu hivyo kwamba Wamisri walitumia natroni; vingine vyasema chumvi. Chumvi ni kosa, kwa kuwa hiyo ni kitu kingine. Natroni si kosa, lakini ni neno lisilomwambia mwanafunzi chochote, wakati ambapo kitu chenyewe kimo jikoni kwao: ni magadi, ndugu wa yale yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi. Wamisri waliyachimba katika bonde la Wadi al-Natrun, kaskazini-magharibi ya Cairo, yakiwa yamechanganyika na chumvi kidogo. Tena jiografia yetu imekwisha kutufanyia tafsiri. Kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya yapo maziwa mawili yanayokaribiana, moja likiitwa Natron na la pili likiitwa Magadi. Ni kitu kimoja kwa majina mawili, jina moja la mgeni na jingine la mwenyeji. Mwalimu akisema kwamba mfalme wa Misri alilazwa siku 40 ndani ya magadi, darasa zima litaelewa kwa nini hakuoza, na hatahitaji kuchora kitu ubaoni.

Mahali palipofanyiwa kazi hiyo Wamisri walipaita kwa jina lenye maana ya mahali safi, yaani safi kwa ibada. Vitabu vyetu huandika karakana au kiwanda. Neno twahara lipo. Na Mahali pa Twahara pangeelezwa vizuri zaidi kuliko kiwanda, ambacho humfanya msomaji asikie mlio wa mashine.

Mwaka 2016 huko Saqqara iligunduliwa sehemu moja ya namna hiyo, ya karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, ikiwa na vyombo vilivyoandikwa kwa wino majina ya vitu vilivyokuwamo na wakati mwingine namna ya kuvitumia. Utafiti wa kikemia uliotangazwa mwaka 2023 uliyachunguza masalio yaliyomo. Neno la Kimisri antiu, ambalo kwa zaidi ya karne moja wataalamu wa Ulaya walikuwa wakilifasiri kuwa manemane au ubani, huko lilionekana kuwa mchanganyiko wa mafuta ya mierezi na ya miti ya jamii yake pamoja na shahamu ya wanyama. Masalio mengine yalitokana na miti ya misitu ya mbali sana, huko kusini-mashariki ya Asia. Wafasiri wetu walioandika manemane hawana lawama; walifuata yaliyokuwa yakijulikana. Lakini tunaona kwamba katika matoleo mapya iandikwe antiu, na maelezo yafuate, mpaka ijulikane kama neno hilo lilikuwa na maana hiyo kila mahali na kila zama. Kulazimisha neno letu zuri juu ya kitu kisichojulikana bado ni haraka.

Tuje kwenye sanduku. Wafasiri wengine huandika sarkofagi, wakidhani kuwa hilo ni neno la kitaalamu na hivyo ni salama. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya mla nyama, lililotokana na jiwe ambalo Wagiriki waliamini kuwa hula mwili wa maiti upesi. Mmisri alitumia mali yake yote ili nyama yake isiliwe. Na sanduku lake aliliita kwa maneno yenye maana ya bwana wa uhai. Hakuna jina ambalo lingemkasirisha zaidi. Basi na liandikwe sanduku la jiwe, au jeneza la jiwe.

Lakini jeneza nalo lina mambo yake, na hatupendi kuonekana kama tunadai kwamba kila neno letu ni dawa. Kwa Waislamu wa pwani jeneza ni kile kitanda cha kumchukulia maiti mpaka makaburini, nacho hurudi msikitini kumngojea mwingine. Maiti huteremshwa kaburini na sanda yake. Kwa watu wengi wa bara, na katika makanisa, jeneza ni sanduku linalozikwa pamoja na marehemu. Msomaji wa Lamu akisoma kwamba Tutankhamun alizikwa katika majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na la ndani kabisa likiwa la dhahabu ya kilo 110 hivi, atashangaa mara mbili. Kwa sababu hiyo, mahali panapotakiwa usahihi, tunapendekeza sanduku la maiti. Sanda haina matata, ingawa ifafanuliwe kuwa ya Mmisri ilikuwa ya vitambaa virefu vyembamba, tabaka juu ya tabaka, na hirizi zikiwekwa katikati.

Ini, mapafu, tumbo na matumbo viliwekwa katika vyombo vinne, kila kimoja chini ya ulinzi wa mmoja wa wana wanne wa Horus. Vitabu vya Kizungu huviita kwa jina la Canopus, mji wa pwani ya Misri, kwa sababu wataalamu wa zamani walivichanganya na sanamu iliyoabudiwa katika mji huo. Wao wenyewe wamekiri kwamba jina si sahihi, ila wamelizoea. Sisi hatujalizoea bado. Mitungi ya viungo inatosha.

Moyo haukuwekwa mtungini. Uliachwa kifuani, kwa sababu ndio utakaopimwa mizanini mbele ya Osiris, na unyoya wa Maat, yaani wa haki na kweli, ukiwa upande wa pili. Hapa Kiswahili kina bahati. Kwa Mmisri moyo ulikuwa ndio unaofikiri, unaokumbuka na unaoshuhudia, wakati ubongo ulitupwa bila ya majuto. Sisi husema moyo wangu umenikataza, na nimeyaweka moyoni; mfasiri hana haja ya kuongeza hata neno. Akifika kwenye ka na ba, hata hivyo, bahati hiyo humwishia. Tumeona yote mawili yakiandikwa roho, na hata mara nyingine katika ukurasa mmoja. Ka ni ile nguvu ya uhai inayolishwa kwa sadaka za chakula. Ba ni ile inayotoka kaburini kwa umbo la ndege mwenye kichwa cha mtu na kurudi mwilini usiku. Roho ya Kiswahili haili wala hairudi. Yaachwe yalivyo, ka na ba, nayo yatakaa katika sarufi yetu bila ya taabu.

Maneno yaliyoandikwa ili kumsaidia marehemu katika safari hiyo sasa huitwa Kitabu cha Wafu. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Karl Richard Lepsius mwaka 1842. Wamisri wenyewe waliyaita maneno ya kutoka mchana, na kati ya majina hayo mawili ipo tofauti ya dini nzima: la Lepsius lamfungia mtu kaburini, lao lamtoa nje juani. Kwa maoni yetu kila tafsiri itakayochapishwa iweke jina la Wamisri kwanza.

Kosa jingine linatuudhi kidogo. Pamoja na maiti viliwekwa visanamu vidogo, ambavyo wakati mwingine tumeona vikiitwa wanasesere, na mara nyingine watumwa. Katika kaburi la Tutankhamun vilikuwa 413. Kazi yao ilikuwa kwamba marehemu akiitwa kulima na kubeba mchanga katika shamba la ahera, kisanamu kiitike badala yake kwamba kipo tayari. Jina lao la zama za baadaye, ushabti, Wamisri wenyewe walilihusisha na kitenzi cha kuitika. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa kuitika kabla ya kufundishwa kusoma. Basi waitikiaji ndilo jina lao.

Kuhusu Firauni hatutasema mengi. Katika matumizi ya kila siku firauni ni mtu mwovu, na kitabu cha historia hakiwezi kuanza kwa tusi. Farao ni afadhali. Hata hivyo jina hilo lilikuwa la jumba kubwa la kifalme, na halikutumiwa kumtaja mfalme mwenyewe mpaka zama za Ufalme Mpya, yaani zaidi ya miaka elfu moja baada ya Khufu na piramidi lake. Khufu aitwe mfalme.

Limebaki suala la wachimbaji. Akiolojia limekubalika kwa jina la elimu yenyewe, na mambo ya kale kwa idara na sheria. Kitenzi ndicho kinachotushughulisha. Kufukua, katika masikio ya Waswahili, ni tendo la fisi, la mwizi, au la hakimu aliyetoa amri. Kuchimbua ni tendo la mtafiti. Mipaka hiyo ni mizuri kwa nadharia, lakini mfasiri mwaminifu ataona kwamba wakati mwingine hailingani na matendo. Nyaraka za mafunjo zilizobaki kutoka zama za Ramesses wa Tisa, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zina habari za kesi za watu walioshtakiwa kwa kuvunja makaburi ya Thebes. Hao walifukua, na hakuna shaka. Howard Carter alipolifikia kaburi la Tutankhamun mwezi Novemba 1922, tunasema alichimbua. Miaka mitatu baadaye, maiti alipokutwa amegandamana na sanduku lake kwa utomvu, yeye na tabibu Douglas Derry waliukata mwili vipande, na kichwa wakakitenga, ili kumtoa na kuipata barakoa ya dhahabu. Vitabu vya shule tulivyovisoma husema kwamba maiti "alichunguzwa". Tunapendekeza iandikwe kwamba alikatwa, kisha akachunguzwa. Wanafunzi watauliza maswali, na mwalimu atakuwa na somo la saa nzima.

Bado hatujapata neno la kile kifuniko cha uso na kifua kilichotengenezwa kwa tabaka za kitani na chokaa, kikapakwa rangi. Barakoa lafaa kwa uso tu. Gamba limependekezwa kwetu, lakini twaona linamfanya marehemu kuwa kobe. Mafundi wanaofinyanga kwa vitambaa na gundi huenda wanalo jina ambalo halijafika katika kamusi. Wasomaji wanaolijua tunawaomba watuandikie, wakitaja mahali linapotumika na kitu hasa kinachoitwa hivyo.